Je, Wajua? Nyaya Mbili, Njia Moja

Seva nyingi za ofisi, hata zile zilizofungiwa ndani ya kabati la chuma nyuma ya duka au zahanati hapa Mawaleh, Muscat, zina matundu mawili ya mtandao au zaidi. Kusudi lake ni kwamba waya mmoja ukikatika, wa pili ushike zamu papo hapo bila hata mtu wa kaunta kujua. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Kazini kadi ya mtandao ya akiba, yenye tundu la pili, ina visa vyake, na vingi havianzii kwenye kadi yenyewe.

Je, wajua kwamba ile taa ya kijani pembeni ya tundu ina ushahidi wa mita chache tu? Inasema seva na swichi iliyo jirani yake zinasikilizana, basi. Swichi hiyo ikipoteza njia yake ya kwenda juu, tuseme fundi wa rangi amesogeza kabati akachomoa waya wa ghorofani, taa kwenye seva haizimiki. Draiva, programu inayoendesha kadi, inaona shwari. Kadi ya akiba inaendelea kulala, na nje haitoki hata herufi moja. Mwenye ofisi anapiga simu akisema mtandao umekufa, fundi anafika, anainama na tochi, anaona taa zote zinawaka, anaanza kuilaumu kampuni ya simu.

Dawa zipo mbili. Kwenye Linux, seva haiachiwi kuangalia waya peke yake. Huagizwa iulize kila mara, kwa ujumbe mfupi uitwao ARP, kama anwani fulani iliyo mbele zaidi, kwa kawaida ruta, bado ipo, na isipojibiwa ihamie kadi ya pili. Unaruhusiwa kuipa hadi anwani 16. Ipe angalau mbili, kwa sababu mwenye anwani moja akiizima ruta kwa matengenezo, seva yake itadhani kadi zote zimekufa na itakuwa inarukaruka huku na huku. Dawa ya pili iko upande wa swichi: ikikosa njia ya juu, izime yenyewe matundu ya seva, taa ya kijani ife, draiva ishtuke. Mimi naipenda zaidi hii, maana inaisaidia kila seva iliyochomekwa hapo bila kugusa hata moja.

La ajabu ni kwamba hata huo ukaguzi mwepesi wa waya, kwa miaka mingi, Linux ilikuja nao ukiwa kwenye sifuri, yaani haufanyiki mpaka mwenye seva auwashe. Waliosoma maelezo waliandika 100, maana yake ukaguzi kila milisekunde 100. Wasiosoma walikuwa na kadi mbili na mlinzi aliyelala.

Kurudi ni kugumu kuliko kuhama. Swichi nyingi zinatumia mbinu iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985, alipokuwa katika kampuni ya Digital Equipment, ya kuzuia ujumbe usizunguke mtandaoni bila kikomo. Kwa kanuni yake ya zamani, tundu likiamka hukaa sekunde 15 likisikiliza na 15 nyingine likijifunza, ndipo liruhusu data kupita. Sasa chukua swichi iliyozimika na kuwashwa tena. Kadi kuu inaona taa imerudi, inajirudishia kazi yake mara moja kutoka kwa kadi ya akiba iliyokuwa inafanya vizuri, na kwa nusu dakika nzima inatuma data kwenye tundu lililofungwa. Watumiaji hawakusikia kitu njia ilipokatika, wanasikia ilipopona! Mafundi huziandikia swichi kwamba tundu lile ni la seva, lisipoteze muda, au huiambia draiva ingoje zaidi ya sekunde 30 kabla ya kuiamini taa. Wengine, nami ni mmoja wao, huiacha kadi ya akiba iendelee na kazi mpaka nayo ipate hitilafu. Hakuna sheria inayosema kadi kuu lazima irudi kitini.

Je, wajua kwamba baada ya kuhama seva inabidi ipige mbiu? Swichi hukumbuka kila anwani iko tundu lipi, na kwa swichi nyingi kumbukumbu hiyo hudumu sekunde 300 kama hakuna jipya. Seva isiyotangaza inakuwa kama mtu aliyehamia Al Khoud huku jamaa zake wakiendelea kubisha hodi kwenye nyumba ya zamani Mawaleh. Kwa hiyo draiva hutuma ujumbe wa ARP ambao haukuombwa na mtu, kuwajulisha wote njia mpya. Linux kwa kawaida hutuma mmoja tu, nao ukipotea ndiyo basi. Kuongeza idadi hakugharimu kitu.

Kuna pia mapatano ya LACP, yanayounganisha nyaya kadhaa zifanye kazi kama mmoja. Pande zote mbili hutumiana salamu. Kwa mwendo wa haraka ni kila sekunde 1, na baada ya 3 za kimya waya unahesabiwa umekufa. Kwa mwendo wa polepole ni kila sekunde 30, na hukumu inatoka baada ya 90. Dakika moja na nusu ni ndefu sana kwa mgonjwa aliyesimama mbele ya dirisha la dawa.

Mwaka 2013 mhandisi Kristian Kielhofner alieleza kisa kilichowafanya wengi wakague seva zao. Alikuwa anashughulika na vifaa vya simu za intaneti ambavyo kadi zake za mtandao, zenye chipu ya Intel 82574L, zilikuwa zikizimika bila sababu, na hazirudi mpaka umeme uzimwe kabisa. Alichimba mpaka akakuta chanzo ni pakiti moja ya data: ikiwa na thamani fulani mahali fulani, chipu inakufa. Thamani nyingine mahali palepale iliipa chipu kinga. Intel ilisema kosa lilikuwa la mtengenezaji mmoja wa ubao aliyeiandikia chipu hiyo maelekezo vibaya. Mtu mwenye kadi mbili za aina hiyo kutoka ubao huo alikuwa na akiba gani? Pakiti ikiiua ya kwanza, mteja asiyejibiwa anaituma tena, na ya pili inaipokea. Ndiyo maana wajuzi huchanganya: tundu moja la kwenye ubao, jingine la kadi ya kuchomeka, ikiwezekana chipu za watengenezaji tofauti. Kadi moja yenye matundu mawili inaokoa waya uliokatika, lakini kadi yenyewe ikiungua umekwisha.

Baharini mambo ni yaleyale, ila waya ni mrefu zaidi. Kilomita chache kutoka Mawaleh, pwani ya Seeb, ndipo unapotua mkongo wa FALCON. Tarehe 30 Januari 2008 mikongo miwili ilikatika karibu na Alexandria, Misri, na intaneti ya nchi nyingi za Ghuba na India ikadorora. Tarehe 1 Februari FALCON nao ukakatika kati ya Muscat na Dubai, umbali wa kilomita 56 hivi kutoka Dubai. Meli ya matengenezo ilikuta hapo nanga iliyotelekezwa, yenye uzito wa tani 5 hadi 6.

Afrika Mashariki ilionja Februari 2012. Tarehe 17 mikongo mitatu, EASSy ukiwemo, ilikatika Bahari ya Shamu. Data ikahamishiwa TEAMS, mkongo unaotoka Fujairah hadi Mombasa. Tarehe 25 meli iliyokuwa ikisubiri zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ikashusha nanga mahali palipokatazwa, ikaukata TEAMS. Akiba ilikuwa imeshika kazi kwa siku nane tu.

Wenye jamaa Unguja hawahitaji kuelezwa habari ya njia moja. Umeme wa kisiwa ulikuwa ukitoka bara kwa waya wa chini ya bahari, Ras Kiromoni hadi Fumba, uliowekwa mwaka 1980. Mei 2008 uliharibika na giza likakaa karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Desemba 2009 uliharibika tena, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu za maji nazo zilisimama, watu wakabeba ndoo. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, na ule wa zamani haukutupwa.

Hapa Muscat, tarehe 5 Septemba 2022, umeme ulikatika mchana kwa saa kadhaa katika mji na mikoa ya jirani. Siku kama hiyo ndiyo hufichua seva zenye vipokea umeme viwili vilivyochomekwa kwenye betri moja. Kadi mbili, swichi mbili, vipokea umeme viwili, halafu plagi moja ukutani.

Na jaribio? Wengi huchomoa waya Ijumaa ofisi ikiwa tupu, wanaona kadi ya pili imeshika, wanafurahi, wanafunga kabati. Hilo ni jaribio la hitilafu nyepesi, ile inayozima taa. Ngumu hujaribiwa kwa kuacha waya wa seva ulipo na kuzima tundu la swichi linalokwenda juu, kisha kuliwasha tena na kuhesabu sekunde mpaka ping irudi, mara zote mbili.