Mkono Uliofunikwa: Namna ya Kumpanga Mhusika Mpya katika Hadithi ya Pamoja

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kumpanga mhusika mpya kabla hajaingizwa katika hadithi ya kifantasia inayosimuliwa na watu wengi kwa zamu. Historia ya mchezo wa aina hii haitatuchelewesha. Itoshe kusema kuwa Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani mwaka 1974, ndio ulioeneza desturi ya kila mshiriki kummiliki mhusika mmoja, huku msimulizi mkuu akiumiliki ulimwengu na viumbe wote waliosalia. Nasi wanakiswahili si wageni wa utunzi wa kupokezana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu mapema katika karne ya 19, na kila mmoja alilazimika kuanzia pale mwenzake alipomwachia.

Kilichonisukuma kuandika ni msiba mdogo. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, wengine wa Meru na wengine wa Embu, na kwa muhula mzima tulisimulia safari ya vijana waliopanda mlima wenye theluji kutafuta chanzo cha mto uliokauka. Muhula wa pili mwenzetu mmoja akaja na mhusika wake. Aliruka angani, hakujeruhika, alisoma fikra za watu, na babu yake ndiye aliyeuumba mlima. Jioni ya kwanza alivimaliza vita tulivyovijenga kwa wiki sita. Hapakuzuka ugomvi wowote. Watu waliacha tu kuja, mmoja akisingizia mtihani, mwingine mafua. Daftari ningali nalo, na ukurasa wa mwisho umekomea katikati ya sentensi.

Likizoni nilimsimulia nyanya yangu mkasa huo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, huyo mtu wenu hupikiwa na nani?" Sikuwa na jibu. Mhusika yule hakula, hakuchoka, hakudaiwa, wala hakumhitaji yeyote. Wenzake kumi hawakuwa na la kufanya mbele yake isipokuwa kumtazama.

Basi mtu apangapo mhusika wa kuingia katika hadithi ya wengi, aanze na upungufu wake. Wengi wetu huanza na uwezo, kwa kuwa uwezo ni mtamu kuuandika. Hata hivyo, masimulizi ya kwetu yana funzo la ajabu kuhusu uwezo. Mugwe alikuwa kiongozi wa kidini miongoni mwa Wameru, na kazi yake kuu ilikuwa kubariki. Bernardo Bernardi, mmisionari na mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu kizima juu yake mwaka 1959, alieleza kuwa huko Imenti nguvu ya Mugwe ilikaa katika mkono wa kushoto. Mkono huo ulifunikwa daima, na ilisadikiwa kuwa anayeuona atakufa. Mwaka uliofuata Rodney Needham aliandika makala mashuhuri akijaribu kueleza kwa nini uwe wa kushoto, ilhali katika jamii nyingi wa kulia ndio wenye heshima. Mjadala huo tuwaachie wanaanthropolojia. Mtunzi ana lake la kuokota hapa: nguvu kuu kuliko zote ilikuwa na nguo juu yake. Msikilizaji akijua kuwa mkono upo na umefunikwa, kila tendo la mkono wa kulia humtia hamu na hofu.

Kwa hiyo, kila uwezo unaompa mhusika wako, uandikie nguo yake. Hutumika lini? Nani huumia ukitumika? Mhusika mwenyewe hupoteza nini? Asiyeweza kujibu maswali haya hajapanga mhusika. Ameandika orodha ya matamanio yake.

Baada ya nguo huja haja. Wameru husimulia kuwa mababu zao walikuwa watumwa huko Mbwaa, penye bahari, chini ya watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wavaa nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa kazi zisizowezekana: walete viatu vya ngozi vyenye manyoya pande zote mbili, walete mbwa mwenye pembe, wafue mkuki ufikao mbinguni. Matoleo ya kisa hiki hutofautiana, lakini yananikuna kwa jambo moja. Koomenjue, aliyewaongoza watu hao kutoroka, hakuwa na mwili wa chuma. Mafumbo yalifumbuliwa kwa werevu, na fumbo la mkuki liliposhindikana, watu walikimbia. Maji yakagawanyika, wengine wakavuka usiku, wengine alfajiri, wengine mchana, na kutokana na nyakati hizo zikapatikana koo nyeusi, nyekundu na nyeupe. Kila kundi lilipata nafasi yake katika kisa, maana kiongozi hakuimaliza kazi peke yake.

Kikundi chetu kilipofufuka, nilitumia fumbo hilo la mkuki. Nilimpanga Karimi, binti wa mhunzi kutoka kandokando ya mto Thuci, unaotenganisha Embu na nchi ya Wachuka, nikamrithisha kazi iliyowashinda wahenga: kuumaliza mkuki ufikao mbinguni. Akigusa chuma chochote, humjua aliyekishika mwisho. Akigusa chuma kilichoua, hupotewa na sauti hadi kesho yake. Haja yake ndiyo iliyonichukua siku nyingi. Hatimaye niliamua kuwa chuma chake hakitoshi, na kilichobaki kimo katika mapanga, pete na majembe ya wahusika wengine. Hawezi kusonga mbele pasipo kuomba, na kila anayeombwa ana hiari ya kukataa. Hapo nikajua kuwa atakuwa na wa kumpikia.

Nadharia ya fasihi ina msaada wake, japo wa kiasi. E. M. Forster alitofautisha wahusika bapa na wahusika duara mwaka 1927, na sote tumeikariri tofauti hiyo kwa ajili ya mitihani. Katika riwaya kama Nagona ya Kezilahabi (1990) au Bina-Adamu! ya Wamitila (2002), mtunzi mmoja ndiye mwenye funguo zote za ulimwengu wa ajabu anaoujenga. Sisi hatuna anasa hiyo. Mhusika wetu huduarishwa na wenzetu, hivyo yafaa tumwachie mashimo. Sikuandika ni nani aliyemuua babake Karimi. Mwenzangu wa Runyenjes aliamua, wiki ya tatu, kuwa ni mhusika wake.

Kuna tahadhari ambayo wanafunzi huipuuza. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru lenye makao Nchiru, lingali hai, na wanachama wake hufungwa na kiapo. Kisitu cha Mwene Ndega karibu na Runyenjes, ambako masimulizi huweka chimbuko la Waembu, ni mahali patakatifu kwa watu wanaoishi leo. Kumwita mhusika wako Mugwe, kisha kumfanya mchawi wa kuuawa katika sura ya pili, ni utovu wa adabu. Azima umbo la jambo, uliache jina. Na ikiwa una mzee nyumbani, msomee mpango wako kabla ya kuwasomea wenzako.

Limebaki suala la kuingia. Mgeni asiingie katikati ya vita akiwa na suluhisho mkononi. Aingie katika tukio la mwenzake, kwa idhini ya mwenzake, akiwa na ombi dogo. Karimi alitokea jioni ya pili, mvua ikinyesha, kwenye kambi ya vijana wawili waliokuwa wakigombania uji wa mwisho. Alisema sentensi mbili tu: aliomba moto, kisha akauliza lile jembe lililoegemea jiwe ni la nani.