Kabla ya kupuliza dawa, mtazame kiuno

Mdudu akitua dirishani kwa bedsita yako, mkono huenda moja kwa moja kwa dawa au slipa. Hebu tulia kwanza. Mwili wake utakuambia yeye ni nani.

Anza na kiuno. Cha nyigu ni chembamba kama uzi, na mwili wake unang'aa. Nyuki wa asali ni mnene kidogo, ana manyoya, na miguu yake ya nyuma ni mipana ya kubebea chavua. Mwiba wake hukwama kwenye ngozi ukiendelea kuingiza sumu, kwa hivyo utoe chapchap. Nyigu hudunga, akachomoa, akarudia.

Yule mweusi anayejenga kijumba cha udongo ukutani? Ni nyigu mpweke. Anawindia watoto wake buibui, wala hana haja nawe.

Msimu wa mvua, taa huvamiwa. Kumbikumbi ana kiuno kinene na mabawa manne yanayolingana: huyo ni mchwa, na jamaa yake wa karibu ni mende. Chungu anayeruka ana kiuno kilichobanwa, vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele makubwa kuliko ya nyuma. Na lile dude la kahawia lenye tumbo kama soseji, linalogongagonga balbu? Ni siafu dume. Hawezi kukudunga, kwa nyuki, nyigu na chungu, mwiba ni wa majike pekee.

Kwa hivyo dawa isubiri. Nyuki huyo ndiye anayechavusha tikitimaji unalonunua sokoni. Mfungulie dirisha aende kazini.