HERUFI ZILIZOFUNGWA NDANI YA DISKI
Namna ya kuyaokoa maandishi ya kompyuta za nyumbani za zamani

Katika nyumba nyingi za Uingereza na Marekani, juu ya kabati au chini ya kitanda, kungali na visanduku vya diski za kompyuta zilizonunuliwa baina ya mwaka 1980 na 1990. Ndani yake mna barua za baba aliyekwisha kufariki, hesabu za matumizi ya nyumba, mapishi ya bibi, na pengine kitabu kizima ambacho hakikupata kuchapishwa. Mwenye nyumba akitafuta leo mashine ya kuzisomea, haipati kwa urahisi. Na hata akiipata, aghalabu huona kiooni vurugu ya alama zisizosomeka, akadhani kwamba yote yameharibika.

La hasha. Mara nyingi maandishi yapo salama, lakini yanasema lugha ambayo mashine mpya haikufundishwa.

Askari wa mawasiliano atalielewa jambo hili upesi. Ujumbe ukitumwa kwa namba, na mpokeaji akawa na daftari jingine la kufasiria, hauna maana kwake ijapokuwa kila namba imefika salama. Ndivyo yalivyo maandishi ya kompyuta. Mashine haijui A wala B. Inajua namba tu. Kila herufi imepewa namba yake, na jedwali la namba hizo ndilo daftari la mashine. Kazi ya kugeuza maandishi ya kompyuta za zamani ni kazi ya kulijua daftari la mwandishi, kulijua daftari la msomaji, na kuvusha kila herufi kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kuipoteza njiani.

MADAFTARI YASIYOLINGANA

Mwaka 1963 ilitolewa huko Marekani orodha ya namba iitwayo ASCII. Ina nafasi 128, kuanzia 0 hadi 127. Baada ya kukamilishwa mwaka 1967 kwa kuongezwa herufi ndogo, A kubwa ilikuwa 65, na a ndogo 97. Lau viwanda vyote vingeliifuata orodha hiyo barabara, makala haya yasingelikuwa na la kueleza. Lakini kila kiwanda kilikuwa na yake.

Mathalani, kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982 kwa bei ya dola 595, ilitumia orodha yake iitwayo PETSCII, iliyorithiwa kutoka kwa mashine ya PET ya mwaka 1977. Katika orodha hiyo, mwandishi anapoandika kwa herufi ndogo na kubwa pamoja, herufi ndogo huanzia 65, na herufi kubwa kwa kawaida huanzia 193. Basi neno “Mama” huhifadhiwa kama 205, 65, 77, 65. Mashine ifuatayo ASCII ikiletewa namba hizo, huisoma 205 kuwa kitu kigeni, na zilizobaki kuwa AMA. Barua nzima hugeuka: herufi ndogo zote zikawa kubwa, na kubwa zote zikawa vinyago.

Dawa yake ni hesabu ya darasa la pili. Kila namba iliyo baina ya 65 na 90 iongezwe 32. Kila iliyo baina ya 193 na 218 ipunguzwe 128. Ndipo “Mama” hupata 77, 97, 109, 97, akasomeka. Lakini anayefanya kazi hiyo kwa awamu mbili lazima ashike utaratibu: azipandishe kwanza herufi ndogo, ndipo aziteremshe kubwa. Akianza na kubwa, 205 itakuwa 77; kisha awamu ya pili itaikuta 77 hiyo na kuipandisha pamoja na wenzake, na barua yote itatoka haina hata herufi kubwa moja.

Katika mashine hiyo hiyo mlikuwa na orodha nyingine tena, ya kuchorea herufi kiooni, ambamo a ndogo ni 1. Programu ya SpeedScript, iliyochapishwa mwaka 1984 katika jarida la Compute!'s Gazette ili wasomaji waiandike wenyewe kwa mkono, ilihifadhi barua kwa orodha hii ya pili. Kwa hiyo a moja ndogo ilikuwa 1, au 65, au 97, kulingana na mahali ilipolala.

PAUNDI ILIYOPOTEA NJIANI

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya kuchezea, na atazame alama ya paundi ya Kiingereza (£). ASCII ya Wamarekani haikuwa nayo kabisa. Waingereza, katika orodha yao wenyewe, waliiweka kwenye namba 35, ambapo Wamarekani wana alama ya #. Sinclair ZX Spectrum iliiweka kwenye 96. Commodore 64 iliiweka kwenye 92, mahali ambapo ASCII ina mkwaju ulioinamia nyuma. IBM PC ya mwaka 1981 iliipa 156. Katika orodha ya Unicode, iliyotolewa mwaka 1991 na ambayo ndiyo itumikayo leo duniani, ni 163.

Fikiri basi daftari la madeni la familia lililoandikwa kwa Commodore. Penye “£40” mashine nyingine husoma “\40”. Mtoto anayerithi daftari hilo atajuaje kwamba hizo ni fedha, wala si namba ya ukurasa? Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, ila limepoteza ulimi.

MWISHO WA MSTARI

Aliyewahi kupiga taipureta katika ofisi ya kikosi au kituo cha polisi anajua kwamba mwisho wa mstari una matendo mawili: kigari kinarudishwa mwanzo, na karatasi inapandishwa mstari mmoja. Kompyuta zilirithi matendo hayo kwa namba mbili: 13 ni kigari kurudi, na 10 ni karatasi kupanda.

Hapa pia hapakuwa na mapatano. Apple II na Commodore 64 zilitumia 13 peke yake. Amiga ilitumia 10 peke yake. Mashine za CP/M na za MS-DOS zilitaka zote mbili, 13 kisha 10. Atari 400 na 800 hazikutaka hata moja, zikatumia 155. Ndiyo maana barua iliyovushwa bila kugeuzwa pengine huchapwa mstari juu ya mstari hadi karatasi ikawa nyeusi, au hushuka ngazi kwa ngazi kuelekea kulia, au huonekana kuwa mstari mmoja usio na mwisho. Msomaji akiona dalili hizo asihuzunike. Ugonjwa wake ni huo mmoja, nao unatibika.

PROGRAMU NA SIRI ZAKE

Kisha kuna alama ambazo programu za kuandikia ziliziweka kwa ajili ya kazi zao. WordStar, iliyotoka mwaka 1978 na kuenea mno, iliongeza 128 kwenye herufi ya mwisho ya maneno katika barua iliyopangwa. Neno “barua” likafunguliwa katika IBM PC bila programu hiyo huonekana “baruß”, kwa kuwa 97 imekuwa 225. Mtu mwenye haraka atasema: zipunguzwe 128 namba zote zilizozidi 127, mambo yakaisha. Hapo ndipo wengi walipojikwaa.

WordStar ilitofautisha mwisho wa mstari wa namna mbili. Ule aliouweka mwandishi mwenyewe, kwa kumaliza aya, ni 13. Ule uliowekwa na programu, kwa kuwa ukurasa umefika ukingoni, ni 141. Ukipunguza 128 kutoka 141 unapata 13, na tangu hapo hakuna awezaye kujua upi ulikuwa wa mwandishi na upi wa mashine. Aya zote hukatikakatika. Kwa hiyo kwanza kila 141, pamoja na 10 inayoifuata, igeuzwe kuwa nafasi tupu. Ndipo 128 zipunguzwe. Haraka haraka haina baraka, hata kwa mashine.

Amstrad PCW 8256, iliyouzwa Uingereza tangu mwaka 1985 kwa paundi 399 bila kodi, pamoja na kioo na mashine yake ya kuchapa, iliwavuta watu wengi waliokuwa hawajawahi kuwa na kompyuta nyumbani. Programu yake, LocoScript, ilihifadhi barua kwa mtindo wake wenyewe, lakini ilikuwa na njia ya kutoa nakala ya maandishi matupu ya ASCII. Aliyeitumia njia hiyo alipoteza herufi nzito, mistari ya chini ya maneno na mapambo mengine, lakini alipata maneno. Na mwenye nyumba inayoungua huokoa watoto kabla ya mapazia.

KUVUKA MTO

Hata anayeyajua madaftari yote hana budi kwanza kuyatoa maandishi ndani ya diski. Diski ya Commodore ilikuwa na upana wa inchi 5.25 sawa na ya IBM PC, lakini sumaku yake iliandikwa kwa mtindo mwingine, na mashine ya IBM haikuweza kuisoma. Diski za Amstrad PCW 8256 zilikuwa za inchi 3, zisizoingia hata mlangoni.

Hivyo watu waliunganisha mashine mbili kwa waya, huku waya wa kusema wa mashine moja ukiingia katika sikio la nyingine. Tahadhari ilihitajika. Commodore 64 ilitoa umeme wa volti 5 tu katika tundu lake, ilhali mawasiliano ya RS-232 hufikia volti 12 juu na chini ya sifuri. Aliyeunganisha bila kifaa cha kati aliweza kuiunguza mashine yake.

Kwa kuwa waya hupokea kelele, zilibuniwa taratibu za kuhakikisha. XMODEM, iliyoandikwa na Ward Christensen mwaka 1977, ilituma mafungu ya namba 128, kila fungu na jumla yake. Jumla isipolingana, mpokeaji hukataa na mtumaji hurudia, kama vile mlinzi wa redio asemavyo “rudia” asiposikia sawasawa. Kermit, iliyotoka Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981, ilizidi hapo: iliweza kugeuza miisho ya mistari wakati wa kuvusha.

FUNZO LA KITABU CHA MIAKA 900

Mwaka 1986 Uingereza iliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, hesabu ya ardhi na mali iliyoandikwa mwaka 1086. Shirika la BBC lilikusanya maandishi na picha za maisha ya nchi, na watu zaidi ya milioni moja walishiriki, wengi wao wanafunzi. Yote yaliwekwa katika diski za miali ya leza, zisomwazo kwa kompyuta maalumu. Miaka 15 haikupita sana kabla mashine hizo hazijawa adimu, na mwaka 2002 ikawabidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan kuiga mwenendo wa mashine ile ndani ya kompyuta mpya. Kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kiliendelea kusomeka kwa macho tu.

MASHAURI KWA WENYE NYUMBA

Kwanza, diski ya zamani isifanyiwe majaribio. Izuiwe isiandikike, itolewe nakala kamili, na kazi yote ifanywe juu ya nakala. Siku hizi kuna vifaa vidogo, kama Greaseweazle, visomavyo sumaku yenyewe bila kujali diski ni ya kiwanda gani.

Pili, faili la asili lisitupwe hata baada ya kugeuzwa. Kosa lililofichika leo huweza kuonekana baada ya miaka kumi.

Tatu, iandikwe kwenye karatasi mashine iliyotumika, programu yake na mwaka. Karatasi hiyo ndiyo ufunguo wa daftari.

Nne, aulizwe mwandishi angali hai. Ni yeye ajuaye kwamba “\40” ilikuwa paundi arobaini, na nani alikuwa akimdai nani.

Sumaku hufifia mwaka hadi mwaka, na wazee nao hawatungojei. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.