Wanaovuka bahari kwa wati moja

Umetuma "uko wapi?" kwa WhatsApp. Tiki ya pili isipotokea ndani ya sekunde tatu, ushaanza kuzima data na kuiwasha tena, ukilaani bando na kampuni iliyokuuzia. Sasa mfikirie mtu wa aina nyingine kabisa. Yuko Uingereza, kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, usiku wa Januari, baridi kali nje. Anatuma neno moja la herufi tano. Litamaliza kutoka baada ya dakika 50. Hana presha. Ameenda kuchemsha chai.

Hajachizi. Huyo ni mwanaredio wa ridhaa, yaani mtu aliye na leseni ya kurusha mawimbi kwa kupenda tu, bila malipo na bila biashara. Duniani kote wenyewe wanaitana "ham". Ukilitamka Kiswahili linakuwa hamu, na manze linawafaa, maana bila hamu hakuna mtu angejisumbua na hii kitu. Na huyu wa kibanda amechagua pahali pagumu zaidi: bendi ya mita 2200, kati ya kilohezi 135.7 na 137.8. Hayo ndiyo mawimbi marefu kuliko yote ambayo watu wa ridhaa wametengewa kimataifa.

Marefu kiasi gani? Wimbi la Wi-Fi ya kwenu lina kama sentimita 12. Stesheni ya FM unayosikiliza kwa matatu ni mita 3 hivi. Wimbi la kilohezi 136 ni mita 2,204. Chukua KICC, mita 105, ipange juu yake nyingine na nyingine mpaka zifike 21. Hilo ni wimbi moja. Na antena nzuri ya kusimama wima inafaa kuwa robo ya wimbi, yaani mita 550, KICC tano na kidogo. Nani ana KICC tano uani?

Kwa hivyo wanafunga waya wa mita 10 au 15, kama kamba ya kuanika nguo iliyoamua kupanda juu, halafu wanaudanganya uonekane mrefu kwa kuunganisha koili chini yake. Si ile koili ndogo unayoona ukifungua redio mbovu. Hii inazungushwa kwenye ndoo au pipa la plastiki, na mashine ikiwashwa, waya ule unaweza kubeba volti elfu kadhaa. Hapo hugusi.

Hata na koili hiyo, hesabu inahuzunisha. Antena ya mita 10 kwenye bendi hii ina ukinzani wa kurusha usiozidi kama omu 0.03, ilhali udongo, koili na miti iliyo karibu vinaweza kula omu 60. Ingiza wati 200 na kinachotoka hewani hakizidi wati 0.1. Zingine zote zimepasha udongo joto. Hustler gani angekubali biashara ya kurudisha bob moja kwa kila thao mbili?

Sheria nayo haikubembelezi. Bendi hii ilikubaliwa kwenye mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Geneva mwaka wa 2007, na kikomo kikawekwa wati 1. Si wati 1 kwenye soketi. Ni wati 1 inayohesabiwa hewani, baada ya antena kufanya hasara zake zote. Balbu ya LED kwa bedsita yako inakula zaidi ya hiyo. Kwenye bendi zingine kuna watu wanaojishusha hadi wati 5 kwa starehe ya kujipima tu. Huku chini, udogo ni lazima.

Lakini mwaka wa 2001, hata kabla ya mkutano huo, mtu wa Uingereza na mtu wa Kanada walikamilisha mawasiliano ya pande mbili kuvuka Atlantiki kwenye kilohezi 136. Je, walifikaje?

Panda na mimi matatu ya Rongai. Spika zinatetemesha viti, na rafiki yako yuko siti ya nyuma kabisa, anataka kukwambia kitu. Akiongea kawaida humsikii hata neno. Lakini mkiwa mmekubaliana mapema kwamba atapiga mluzi wa noti moja, ile ile, bila kuyumba, kwa dakika nzima, na wewe una kifaa kinachosikiliza noti hiyo peke yake na kupuuza zingine zote, utampata. Muziki bado unapiga. Ni vile tu sehemu ya muziki inayoangukia noti hiyo moja ni ndogo sana.

Sasa weka namba. Redio ya kuongea hufungua dirisha la kama hezi 2,500, na kelele yote iliyo ndani ya upana huo inaingia nayo. Ukituma nukta moja ya Morse kwa sekunde 60, mpokeaji anaweza kufunga dirisha lake hadi kama sehemu moja ya sitini ya hezi. Kelele imepungua mara 150,000. Hujaongeza wati hata moja. Umelipa kwa muda.

Njia hii wanaiita QRSS, kutoka kwa QRS, kifupi cha zamani cha watu wa simu za upepo kilichomaanisha "punguza kasi". Kasi ya Morse hupimwa kwa neno PARIS, ambalo ukijumlisha na nafasi inayolifuata lina urefu wa nukta 50. Nukta ya dakika moja mara 50, hapo ndipo zile dakika 50 za mtu wa kibanda zilipotoka. Hakuna sikio linaloweza kusikia Morse ya namna hiyo. Inasomwa kwa macho. Kompyuta inachora mchoro unaotiririka polepole kwenye skrini, na katikati ya chengachenga unaona kamstari kafupi, kisha karefu, kisha kafupi. Noti ikiyumba hata kidogo mchoro unaharibika, ndiyo maana wengi hufunga transmita zao kwa saa ya setilaiti za GPS.

Nilipokuwa chuoni, kabla karo haijanitoa mwaka wa pili, tulinakili ubaoni ile fomula ya Shannon inayounganisha upana, kelele na kiasi cha habari kinachopita. Tukaikariri, tukaiandika kwenye mtihani, basi. Hakuna aliyetuonyesha picha hata moja ya mstari wa QRSS ukichomoza kutoka kwa kelele. Ile picha ni Shannon mwenyewe akiongea. Niliiona miaka miwili baadaye kwa simu yangu, nikiwa kwa kinyozi, na nikaielewa fomula kwa dakika tano.

Siku hizi si Morse peke yake. Kuna Joe Taylor, profesa wa Marekani, ham tangu ujana wake. Mwaka wa 1974 yeye na mwanafunzi wake Russell Hulse waligundua, kwa darubini ya redio ya Arecibo kule Puerto Rico, nyota mbili zilizokufa zinazozungukana, moja yao ikirusha mipigo kama saa. Mwaka wa 1993 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Sasa fikiria: kazi ya mtu huyu ilikuwa kuchuja mipigo dhaifu kutoka kwa kelele za anga. Mwaka wa 2008 akatoa WSPR, programu ya bure inayofanya kitu kama hicho kwa wanaredio. Ujumbe mzima wa WSPR una biti 50: jina lako la redio, mraba wa ramani ulipo, na nguvu unayotumia. Nairobi ni mraba wa KI88, Mombasa KI95. Kutuma hizo biti 50 kunachukua karibu sekunde 111. Hilo likikushinda kwa udhaifu wa mawimbi, kuna FST4W, iliyoundwa hasa kwa bendi hizi za chini, ambapo ujumbe mmoja unaweza kuchukua dakika 30.

Kinachonifurahisha zaidi ni historia. Mwaka wa 1912 Marekani ilipitisha sheria iliyowasukuma watu wa ridhaa hadi mita 200 kushuka chini. Mawimbi marefu yalikuwa mali ya jeshi la majini, meli na makampuni, kwa sababu wakubwa waliamini kufika mbali ni wimbi refu na mashine kubwa, basi. Yale mafupi yalionekana takataka, vijana wachezee. Novemba 1923 watu hao hao wa ridhaa wakaongea kati ya Marekani na Ufaransa kwenye mita 110 hivi, na wakubwa wakakimbilia huko. Marekani ilikuja kuwafungulia mita 2200 mwaka wa 2017. Miaka 105.

Na hata hapo kwa masharti. Makampuni ya umeme hupitisha ishara zao za ulinzi kwenye nyaya kubwa za umeme kwa masafa hayo hayo, kwa hivyo antena yako lazima iwe angalau kilomita moja kutoka kwa nyaya hizo, na unatoa taarifa kisha unangoja siku 30 kabla ya kuwasha.

Tatizo lenyewe la leo, hata hivyo, si sheria. Ni chaja yako. Ndiyo, wewe. Chaja ya bei rahisi, balbu ya LED isiyo na kichujio, mashine ya sola, vyote hivi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na takataka yake inamwagika moja kwa moja kwenye mawimbi marefu. Huamini? Chukua redio ndogo ya shosho, iweke kwa AM, pahali pasipo na stesheni, halafu isogeze karibu na chaja iliyo kwenye soketi. Ile brrrr unayosikia ndiyo ukuta ambao wati moja inapaswa kupenya. Mtu anaweza kulipa kwa muda, ndiyo, lakini kelele ikipanda mara kumi, analipa muda mara kumi, na usiku hauongezwi saa. Mitaa mingi ya mijini watu wa mita 2200 wameshahama masikioni: bado wanatuma, lakini kupokea wanategemea wenzao wanaoishi mashambani. Bendi waliyoingoja karne nzima inazibwa na vitu vya bob mia mbili, na sioni nani ataizibua.

Sisi huku tuna kelele nyingine, na hiyo haina wa kumlaumu. Radi. Kila mmweko wa radi ni transmita kubwa ya mawimbi marefu, na mlio wake husafiri maelfu ya kilomita. Bonde la Kongo ni mojawapo ya pahali penye radi nyingi zaidi duniani, na Ziwa Victoria nalo halijambo. Ndiyo maana Ulaya msimu mzuri ni wakati wao wa baridi, radi zinapokuwa mbali nao, upande wetu wa dunia. Mtu wa ikweta hana bahati hiyo.

Najua kuna msee ashaanza kuwaza: basi hii itatuokoa mtandao ukizima. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, sote tuliona intaneti ikikokota. Nitakuwa mkweli nawe: mita 2200 haingetuma hata meme moja. Biti 50 kwa karibu dakika mbili. Kwa dharura watu wa ridhaa wana bendi zingine, za mawimbi mafupi, zinazobeba sauti. Hii ya mita 2200 haina matumizi unayoweza kumwelezea mzazi akaridhika. Ila kati ya mtumaji na mpokeaji hakuna mnara wa mtu, hakuna bando, hakuna kampuni. Kuna waya, koili ya ndoo, na fizikia. Mimi hilo linanitosha.

Ukitaka kurusha, kwanza uwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Kwa kuanza, sikiliza. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, klabu ya wanafunzi iliweka mtandaoni kipokezi ambacho mtu yeyote anaweza kukiendesha kwa simu, kutoka kilohezi sifuri hadi zaidi ya megahezi 29. Tafuta "WebSDR Twente". Ngoja usiku wa Desemba au Januari, kuanzia saa tano ya Nairobi. Andika 136.00, chagua USB, vaa earphone. Karibu na 139 utakuta kelele nzito ya transmita ya Burg, Ujerumani, inayotumiwa na watu wa umeme; hiyo achana nayo. Tazama kati ya 137.4 na 137.6. WSPR huanza mwanzo wa dakika shufwa, na masikioni inakuwa kama filimbi moja nyembamba isiyobadilika. Usiku mwingine utatoka mikono mitupu. Ukiipata, usifunge mpaka ikome yenyewe, sekunde ya 111 hivi.