Ukifukuzwa chuo cha uuguzi, usikimbilie nyumbani wala mahakamani

HEBU fikiria, msomaji, kwamba wewe ni msichana wa miaka 21 kutoka kaunti ya Wajir. Baba yako aliuza ngamia wawili ili upate karo ya kusomea uuguzi mjini Garissa. Uko mwaka wa pili. Asubuhi moja matokeo yanabandikwa ubaoni, na jina lako limo katika orodha ya walioanguka mazoezi ya wadi. Juma moja baadaye unakabidhiwa barua ya mistari mitatu: umeachishwa masomo, rudisha vitu vya chuo, ondoka bwenini kabla ya Ijumaa.

Utafanya nini?

Msichana huyu ni wa mfano tu, lakini barua ya aina hiyo inaweza kumfikia mwanafunzi yeyote, awe mwanao, dadako au wewe mwenyewe. Wapo wanaofungasha virago na kupanda basi kimya kimya kwa sababu ya aibu. Wapo pia wanaokwenda siku hiyo hiyo kwa wakili na kudai chuo kishtakiwe. Njia zote mbili zina hasara. Wa kwanza anapoteza haki yake bila kuidai. Wa pili huenda akaambiwa na jaji arudi alikotoka, kwa kuwa amefika mapema mno.

Kwa nini ni jambo la afya?

Pengine unajiuliza kesi ya alama inahusu nini ukurasa wa afya. Jibu liko katika wadi ya akina mama.

Kwa miaka mingi hospitali za Garissa, Wajir na Mandera zimetegemea wahudumu waliotoka sehemu nyingine za Kenya. Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa. Siku chache baadaye, mwezi Desemba, wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa katika kaunti iyo hiyo. Kisha Aprili 2, 2015 likatokea shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148. Baada ya misiba hiyo wahudumu wengi wa afya na walimu wasio wenyeji waliondoka. Mzigo ukawaelemea wenyeji.

Isitoshe, muuguzi anayezungumza Kisomali humwelewa mama mwenye uchungu bila mkalimani. Tena wako akina mama wengi wanaoona haya kuzalishwa na mwanamume. Kwa hivyo msichana mmoja akifukuzwa bila haki, si yeye peke yake anayeumia.

Lakini tusisahau upande wa pili. Mwanafunzi asiyejua kupima kiasi cha dawa kabla ya kumdunga mtoto sindano ni hatari. Mama yule yule anayemhitaji muuguzi ana haki ya kukingwa dhidi ya muuguzi asiyefaa. Swali basi si kama chuo kina uwezo wa kumwachisha mwanafunzi masomo. Uwezo huo kinao. Swali ni kama kiliutumia kwa haki.

Alama za darasani na za wadi

Ni vyema ufahamu jinsi mwanafunzi wa uuguzi anavyopimwa. Sehemu moja ni mtihani wa kuandika. Karatasi ipo, majibu yapo, na inaweza kusahihishwa upya na mwalimu mwingine. Sehemu ya pili ni mazoezi ya wadi: kufunga kidonda, kuweka dripu, kuzalisha, kumtunza mtoto mchanga. Hapo mwanafunzi hupimwa kwa macho ya mtahini aliyesimama kando ya kitanda, na kazi ikishakwisha haiwezi kurudiwa ili mtu mwingine aione.

Hiyo ndiyo sababu ugomvi mwingi huzaliwa wadini. Mwanafunzi husema alifanya kazi, muuguzi msimamizi hakumbuki, na kitabu cha mazoezi hakina sahihi. Ushauri hapa ni mwepisi: kila kazi uliyoimaliza itiwe sahihi siku iyo hiyo, kabla msimamizi hajatoka zamu. Mwisho wa muhula amekwisha kuona wanafunzi wengi, hawezi kukukumbuka.

Ni muhimu pia kuelewa kinachoning'inia kwenye uamuzi huo. Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo linalosimamia mtihani wa usajili. Bila kumaliza mafunzo yaliyoidhinishwa hukubaliwi kuufanya, na bila usajili huwezi kuajiriwa kihalali kama muuguzi.

Mahakama husema nini?

Mwaka 1990 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya wanafunzi watano dhidi ya Chuo cha Egerton. Majaji walieleza kwamba mahakama hazina hamu ya kuendesha vyuo vikuu, na husita kuingilia maamuzi yao ya ndani. Hata hivyo, walisema, mahakama itaingilia pale inapoonekana wazi kwamba uamuzi ulifanywa bila kumsikiliza kwa haki yule unayemhusu.

Ng'ambo nako hali ni karibu hiyo hiyo. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Missouri aliyeachishwa kwa udhaifu wa kazi yake hospitalini. Alikuwa ameonywa mapema, akapewa nafasi ya kujirekebisha, na madaktari saba wa nje wakaletwa kumpima. Mahakama ilisema uwezo wa mwanafunzi kazini hupimwa na walimu wake, wala si jambo la kufanyiwa kikao kama cha mshtakiwa.

Ona tofauti hiyo vizuri, kwa maana ndiyo inayowapotosha wengi. Kuachishwa kwa sababu ya alama ni jambo moja. Kufukuzwa kwa sababu ya tabia, kama vile wizi wa mtihani, ni jambo jingine, na huko ni lazima usomewe kosa lako na upewe nafasi ya kujitetea. Ukipokea barua, soma kwanza imetaja lipi kati ya hayo mawili. Ikiwa haikutaja lolote, hapo pana kasoro tayari.

Nchini Kenya mwanafunzi ana nguvu zaidi tangu Katiba ya 2010. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, wa halali na wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi iwapo haki yake imeguswa. Sheria iliyotungwa mwaka 2015 kuitekeleza ibara hiyo inamfunga mwenye mamlaka ya uamuzi kama huo, awe wa serikali au wa binafsi. Inataka upewe notisi mapema, usikilizwe, uonyeshwe ushahidi unaotumiwa dhidi yako, na uelezwe haki yako ya kukata rufaa.

Hatua za kufuata

Kwanza, usitie sahihi karatasi yoyote inayosema umeondoka kwa hiari yako.

Pili, andika barua ya adabu kwa mkuu wa chuo ukiomba sababu kwa maandishi, pamoja na nakala ya alama zako. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikiwa chuo ni cha umma, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakitaka kijibu ombi la habari katika muda wa siku 21.

Tatu, tafuta kanuni za chuo ulizopewa siku ya kujiunga, na ukate rufaa ya ndani kabla siku zilizowekwa hazijapita. Usiruke hatua hii. Sheria ya 2015 inamzuia jaji kusikiliza malalamiko yako kabla hujamaliza njia za ndani, isipokuwa kwa sababu za kipekee.

Nne, ukinyamaziwa na chuo cha umma, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Huhitaji wakili kufanya hivyo.

Tano, yakishindikana hayo, Mahakama Kuu ina kituo chake mjini Garissa, na huhitaji kusafiri hadi Nairobi. Usikawie: anayeomba uamuzi ufutwe kwa utaratibu wa zamani ana miezi 6 tu, na Sheria ya 2015 nayo haipendi ucheleweshaji usio na sababu. Sheria hiyo inataka ombi liamuliwe katika siku 90. Asiye na uwezo anaweza kuomba wakili kupitia Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016.

Na ukishinda, usitarajie makubwa. Jaji hatakuongezea alama. Mara nyingi atafuta uamuzi na kukirudishia chuo jambo hilo kilisikilize upya. Yawezekana ukasikilizwa kwa haki na bado ukaambiwa urudie mwaka. Ndiyo maana ni busara, wakati wa rufaa ya ndani, kuomba jambo linalowezekana: kupimwa upya na mtahini mwingine, au kurudia miezi ya wadi.

Wazazi nao wana kazi yao. Binti akirudi nyumbani na mzigo wake, usianze kwa kumuuliza ameiaibishaje familia. Muulize barua iko wapi, na ina tarehe gani. Siku za rufaa zinahesabiwa tangu tarehe hiyo, na haya ya nyumbani hazisimamishi hesabu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.