Je, Wajua? Chai au Wewe?

Je, wajua kwamba Mhispania akiandika *té* anataja chai, na akiandika *te* bila alama ile ya mkazo anataja "ku" ya "nakupenda"? *Te quiero* ni maneno ya mapenzi. Ukiipachika alama hapo, barua yako inanukia majani ya chai.

Anayetafsiri kutoka Kiingereza hunaswa hapa mapema. Kwa Kiingereza, neno la "ikiwa" na lile la "ndiyo" hayafanani hata chembe. Kihispania kinayaandika *si* na *sí*. *Tu* ni "-ako", *tú* ni "wewe". *Se* ni "ji" ya "anajiosha", *sé* ni "najua". *Mas* ni "lakini" ya vitabuni, *más* ni "zaidi". Siri ni kuisoma sentensi kwa sauti: neno lenye alama hutamkwa kwa uzito, pacha wake hupita mbio akiegemea neno la jirani. Sisi nasi tuna pacha wa namna hiyo, barabara ya magari na barabara ya "sawasawa", ambao mkazo pekee huwatenganisha. Ila sisi hatuandiki alama, msomaji ajijue.

Wenyeji wenyewe huteleza. Kwa kuwa *mí*, "mimi", ina alama, wengi huandika *tí*. Ni kosa: hakuna *ti* nyingine ya kuchanganywa nayo, basi alama ya nini?

Na neno *o*, yaani "au"? Zamani lilivikwa alama likikaa kati ya tarakimu, *3 ó 4*, lisije likasomwa 304. Mwaka 2010 Akademia ya Kifalme ya Kihispania, iliyoanzishwa 1713, iliifuta desturi hiyo katika kitabu chake cha tahajia, maana kwenye kompyuta herufi na sifuri hazifanani tena.

Kitabu hichohicho kilizua ugomvi mkubwa zaidi kwa kushauri kwamba *solo* iandikwe bila alama daima. Sasa soma: *Trabajo solo los domingos*. Nafanya kazi Jumapili tu, au Jumapili nafanya kazi peke yangu? Waandishi kadhaa mashuhuri walikataa kutii, na Machi 2023 Akademia ikafafanua kwamba anayeona utata katika sentensi yake anaweza kuiweka alama kwenye ile ya "tu". Kwa maoni yangu walichelewa miaka 13.

Lakini hakuna alama inayoaibisha watu kama kiwimbi cha *ñ*. Kilitokana na n mbili: waandishi wa zama za kati waliibana ya pili juu ya ya kwanza, na *annus* ya Kilatini ikawa *año*, "mwaka". Mwenye kibodi isiyo na herufi hiyo huandika *tengo 30 anos* akidhani anataja umri wake. *Ano*, samahani, ni tundu la haja kubwa, na yeye ametangaza kuwa anayo thelathini.