Usiku Mmoja Kati ya Calais na Geneva

Gari letu lina usukani upande wa kulia, kama magari mengine ya Uingereza, na vibanda vya kulipia barabara vya Ufaransa vimewekwa kwa madereva wanaokaa kushoto. Kwa hiyo mwaka mmoja mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, aliyetoka Tanga kuja kutusalimia, ndiye aliyetoa mkono dirishani kuchukua tiketi. Aliishika kwa mikono miwili mapajani njia nzima, kwa sababu nilimwambia kwamba ikipotea tutatozwa kana kwamba tumetoka mwisho kabisa wa barabara.

Tulikuwa tunatoka Leicester kwenda Geneva kwa dada yangu, safari tunayoifanya kila kiangazi. Kutoka Calais hadi Geneva ni zaidi ya kilomita 800, na dereva ni mimi peke yangu. Lazima tulale njiani. Mahali panapotufaa, bila kuingia kwenye foleni za Paris, ni Reims, mji wa Champagne, kilomita 270 hivi kutoka Calais kwa barabara ya A26. Kila mwaka mimi na mke wangu huulizana lile lile: tulale katikati ya mji, au tutoke twende kijijini?

Safari ile na mama tulijaribu yote mawili, kwenda na kurudi, na sasa naona tuliyapanga kinyume.

Wakati wa kwenda tulichagua kijiji. Nilikuwa nimeona picha za Verzenay, kilomita 15 hivi kutoka Reims, kwenye mteremko wa vilima vinavyoitwa Montagne de Reims, mizabibu mitupu kila upande. Nikapiga hesabu: treni ya chini ya bahari kutoka Folkestone huchukua dakika 35 tu, na Calais hadi Reims ni karibu saa tatu. Nilisahau kwamba saa ya Ufaransa iko mbele ya Uingereza kwa saa nzima. Ukivuka, saa moja ya jioni yako imekwenda na hujafanya lolote. Ongeza msongamano wa kule Folkestone, ongeza watoto kutaka choo, na tukafika Verzenay saa tatu na nusu usiku, kijiji kimefunga milango. Hapakuwa na duka wala kibanda cha chipsi. Hata mbwa hakubweka. Mama alishuka, akaangalia huku na huku, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, watu wa hapa wamekwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo msafiri wa kwetu hulikosea sana Ufaransa, kwa sababu sisi tumezoea kwamba mwenye njaa hakosi mama ntilie. Wafaransa wana saa za kula, na nje ya saa hizo jiko limefungwa. Chakula cha mchana ni kati ya saa sita na saa nane. Cha usiku huanza kuandaliwa saa moja au moja na nusu, na katika vijiji na miji midogo, ukifika saa tatu unusu, mpishi anavua aproni. Jumapili usiku na Jumatatu mikahawa mingi haifunguliwi kabisa. Mjini utapata mtu wa kukuhudumia. Kijijini kama hukuagiza mapema, utalala na ulichobeba kwenye gari.

Tulikuwa tumechukua chumba katika nyumba ya aina inayoitwa chambre d'hôtes, na inafaa niieleze, maana wengi huidhani ni hoteli ndogo. Ni nyumba ya mtu. Mwenyewe anaishi humo na anakodisha vyumba vichache. Sheria inamruhusu vyumba visivyozidi vitano na wageni wasiozidi 15 kwa wakati mmoja. Kifungua kinywa kimo ndani ya bei, kwa sheria hiyo hiyo, wakati hotelini mara nyingi kinalipiwa kando, kwa kila kichwa, na kwa familia ya watu watano hilo si jambo dogo. Baadhi ya nyumba hizi hutoa pia chakula cha usiku, table d'hôtes, ambapo wageni wote hukaa meza moja na kula chakula kimoja alichopika mwenye nyumba. Lakini huwezi kukiomba mlangoni. Unaagiza siku kadhaa kabla.

Sisi hatukuagiza. Mama mwenye nyumba alikuwa ametungoja na taa ya barazani ikiwaka. Alipotambua kwamba watoto hawajala, aliingia jikoni bila neno, akavunja mayai, akatoa mkate na jibini. Mama yangu hajui Kifaransa hata kidogo, na yule hajui Kiswahili, lakini mama alisimama naye jikoni akimpokea sahani. Nilikuwa na aibu kubwa. Kumfanya mtu apike usiku kwa uzembe wangu!

Asubuhi mama aliamka alfajiri, kama kawaida yake, na nilipotoka nilimkuta uani amejifunga khanga mbili kwa baridi, akitazama. Mizabibu ilikuwa imepangwa mistari iliyonyooka, ikishuka bondeni hadi macho yanapokoma. Akasema, "Kama mkonge wa Ngomeni." Na kweli, kwa mtu aliyekulia kando ya mashamba ya mkonge, mistari ile haina ugeni. Kisha akanionyesha kitu kilichomsumbua: juu ya mizabibu umesimama mnara wa taa, kama ile ya kuongoza meli, na bahari iko mbali kabisa. Mwenye nyumba alitueleza kwamba ulijengwa 1909 na mfanyabiashara wa mvinyo wa Champagne ili kuitangaza bidhaa yake. Siku hizi ni makumbusho ya mizabibu. Mama alitamani kuupanda. Lakini tulikuwa na kilomita zaidi ya 500 mbele yetu, na saa tatu asubuhi tukaondoka. Mahali pazuri kuliko pote katika safari ile tulipalipia ili tupaone kwa saa mbili.

Wakati wa kurudi tulilala Reims katikati ya mji. Tulitoka Geneva saa mbili asubuhi, tukafika mapema, saa tisa alasiri, jua kali. Hoteli ilikuwa kwenye jengo la zamani, lifti hakuna, na chumba kiko ghorofa ya tatu. Gari lilikuwa na kasha la mizigo juu ya paa, na maegesho ya chini ya ardhi kimo chake mara nyingi ni mita 1.90 tu. Nilizunguka karibu saa nzima kutafuta pa kuliacha. Usiku kulikuwa na joto, tukafungua madirisha, na kelele za mtaani zikaingia hadi saa nane.

Hata hivyo mama aliupenda mji, na siwezi kuficha hilo. Tulitembea dakika chache tukafika kanisa kuu ambalo wafalme wa Ufaransa walikuwa wakitawazwa, lililoanza kujengwa 1211. Mama alikaa kwenye benchi nje, watoto wakamwonyesha yule malaika wa mlangoni anayetabasamu, ambaye kichwa chake kilivunjika kanisa liliposhambuliwa kwa mizinga 1914, kikaja kuungwa tena. Jioni tulikula kwenye mkahawa wa watu wa Maghrebu, kuskusi na nyama halali, bila kuuliza maswali kumi. Kisha tukakaa uwanja wa Drouet d'Erlon, ambako magari hayapiti na meza zimetandazwa nje. Mama akavuta pumzi. "Hapa pana watu," akasema.

Tangu hapo hatuchagui kwa picha. Tunahesabu saa ambazo tutakuwa macho pale tutakapolala. Tukienda, tunachelewa kwa sababu ya bahari na saa iliyopotea, kwa hiyo tunalala mjini, ambako anayefika saa tatu usiku bado ni mgeni wa kawaida. Nimepata hoteli yenye maegesho yake ya wazi, na nilipiga simu kuuliza habari ya lifti kabla ya kulipa. Tukirudi, tunawahi, kwa hiyo tunakwenda kijijini na tuna alasiri yote na asubuhi. Wenye nyumba wengi hawapokei wageni kabla ya saa kumi au kumi na moja jioni. Saa za kungoja tunazimalizia katika msitu ulio karibu na kijiji cha Verzy, wenye miti iitwayo faux, iliyojipinda na kuinama kama mwavuli. Kuanzia mwisho wa Agosti, mavuno yakikaribia, usitegemee chumba: zabibu za Champagne huchumwa kwa mkono, na wachumaji ni wengi.

Anayesafiri kwa treni namshauri mjini tu, na aangalie jina la kituo. Baadhi ya treni za kasi, TGV, hazisimami Reims yenyewe, husimama Champagne-Ardenne TGV, nje ya mji, kisha unapanda tramu. Mwenye gari ana pia hoteli za kando ya njia za kutokea barabara kuu: nimelala humo, ni rahisi, ni safi, na watoto hawakumbuki hata moja.

Na kama unaye mzazi mwenye pasi ya Tanzania, usiache usiku huu uwe wa kubahatisha. Viza ya Uingereza haimvushi Calais. Atahitaji ya Schengen, na kwenye maombi hutakiwa kuonyesha atalala wapi, hata ule usiku mmoja wa njiani.

Mwaka huu niliandikia nyumba ya Verzenay mwezi Mei. Nikaomba chakula cha usiku kwa watu watano, bila nguruwe na bila mvinyo ndani ya sufuria. Mwenye nyumba alijibu kwamba atapika samaki, na akauliza kama yule mama wa khanga atakuja. Nilimpigia mama Tanga kumwambia. Akauliza kama mnara bado unapandwa.